Mvumo wa Amplifaya ya Mzee

Jumapili, 1 Machi

Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha plagi ya amplifaya ya Mzee, kilichotokea leo mchana katika ukumbi wa chakula wa hoteli, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa na miguu mitatu, miwili ikifanya kazi. Ameacha waya mmoja. Habari ziwafikie mafundi wote popote walipo, hasa mimi, kwa kuwa mwingine hayupo.

Bendi yetu hupiga jazi pale kila Jumapili mchana, watu wakitafuna. Mzee ndiye gitaa. Mwenyekiti, kiongozi wetu, anapiga besi ile kubwa ya kusimama nayo. Domo anapuliza saksofoni na anasema sana. Jina limempata kwa yote mawili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko kwenye dramu. Mimi ni gitaa la pili, yaani napiga Mzee akienda msalani, na siku za kazi natengeneza redio na pasi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, ninachokiita duka. Hakuna aliyenifundisha ufundi, na huwa sikosi kulitaja hilo.

Mzee hakai kwenye kiti. Anaikalia amplifaya yenyewe: kisanduku cha mbao, kitambaa cha rangi ya chai kwa mbele, na ndani zile valvu, taa za kioo zinazochelewa kuwaka kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Leo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujua kuwa plagi imekufa. Kabla ya moshi, kabla Domo hajapiga kelele, aliruka kama aliyekalia siafu.

"Mzee, umeungua?" nikapaza sauti. Siku hizi kwa Mzee tunapaza sauti wote, na hatusemi kwa nini.

"Badilisha plagi," akasema. Yeye huongea chini chini, utadhani anakutumia ujumbe wa siri. "Plagi tu. Ndani usiguse."

"Sawa, Mzee."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Jumatatu, 2 Machi

Mvua. Plagi nimeibadilisha kabla chai haijapoa.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Sijairudisha.

Watu wa muziki wa makelele hununua amplifaya iwatilie chumvi. Sisi wa jazi tunataka jambo gumu zaidi: iseme kile gitaa limesema, kwa sauti kubwa kidogo, basi, kama mkalimani mwaminifu. Ya kwangu ni ya plastiki, ina vitufe tisa na kinachofanya kazi ni kimoja, na sauti yake ni ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Mwenyekiti yake kaiunga kwa spika ya gari; akipiga noti ya chini huwa natupa jicho dirishani nione nani anataka kupita. Ya Mzee ndiyo mkalimani. Ukigusa uzi, unajisikia mwenyewe, lakini umeoga.

Ina kasoro moja. Inavuma. Mmmmm, chini chini, mfululizo, tangu inapowashwa. Ugonjwa huo naujua: kapasita zimezeeka, hazichuji umeme sawasawa. Mtu anakuwaje na kitu kizuri namna hii akakiacha kinavuma miaka yote?

Mke wangu alipita na ndoo akakuta bisibisi mkononi mwangu.

"Si ulisema plagi?"

"Naangalia tu."

"Ndivyo ulivyosema kwa jokofu la dada yako."

Jokofu la dada sasa ni kabati la viatu.

Jumatano, 4 Machi

Nimeangalia tu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimezibadilisha.

Nilipoiwasha, kimya. Kimya cha msikitini saa ya kazi. Mke wangu akachungulia. "Umeiua?"

"Iko hewani."

"Mbona imenyamaza?"

"Huo ndio ufundi."

Kapasita za zamani nimezitupa, na gari la taka limeshapita. Jioni nimefanya mazoezi ya uso wa mtu anayesifiwa bila kutaka.

Jumapili, 8 Machi

Ule uso umetumika kidogo, halafu ukaishiwa.

Domo alisikia kwanza. "Weee! Imenyooka hii! Fundi umeifanya nini?" Mwenyekiti akanipiga bega. Shemeji akapiga sahani ya dramu mara moja kwa heshima yangu. Nikatazama viatu vyangu, kama nilivyojifunza.

Mzee akaja akakaa juu ya amplifaya. Akainuka. Akapapasa mbao kwa kiganja, akakaa tena. Akawasha, akazima, akawasha.

"Umeigusa ndani?"

Wote wakanitazama huku wakitabasamu, maana walidhani nitasema ndiyo, na Mzee atashukuru. Mimi nilikuwa naona uso wa Mzee. Haukuwa uso wa mtu wa kushukuru.

"Hapana, Mzee," nikasema kwa sauti ya kumfikia. "Plagi tu. Plagi mpya inapitisha umeme safi."

Hakuna umeme safi wala mchafu. Maneno hayo angeyaamini mtu ambaye hajui umeme na anayemheshimu fundi wake. Mzee akaitika kwa kichwa.

Akachukua muda mrefu kukaza nyuzi. Mwenyekiti akakaza besi yake kumfuata Mzee, kama kawaida yetu. Tulipoanza, jambo lilikuwa limepinda mahali, ila sikutaka kutafuta wapi.

Ijumaa, 13 Machi

Mvua. Pasi mbili. Sijambo.

Jumapili, 15 Machi

Gitaa la Mzee lilikuwa nje ya sauti tangu wimbo wa kwanza. Si kidogo. Mama mmoja wa meza ya dirishani aliweka uma chini akamtazama, halafu akamtazama mumewe, kama vile mume ndiye kamleta Mzee. Mzee alisimama katikati ya wimbo kukaza uzi wa tatu, akaulegeza, akaukaza, akauinamia na sikio. Sijawahi kumwona anaweka sikio kwenye gitaa.

Nikajiambia ni unyevu. Mbao hunywa maji msimu huu.

Jumapili, 22 Machi

Vilevile. Mbao zimekunywa sana.

Jumatano, 25 Machi

Mwenyekiti amekuja hadi dukani, mwavuli umegeuka nje ndani.

"Mzee amechoka," akasema.

"Umri, Mwenyekiti."

"Umri. Meneja wa hoteli ameniuliza kama tuna mtu mwingine. Sasa wewe ndiye uko karibu."

Nikasema siwezi, yule ni mzee wangu, nitakikaliaje kiti chake. Nikasema kwa masikitiko. Moyoni nilikuwa nimeshachagua shati, lile la mikono mirefu.

"Fikiria," akasema Mwenyekiti.

Nikafikiria hadi alipofika mlangoni, nikamwita arudi.

Jumapili, 29 Machi

Hatukuhitaji kumwambia. Alituwahi.

Kabla ya kuanza alilaza gitaa kwenye sanduku lake, akafunga vibanio kimoja kimoja. "Vidole vipo," akasema, akatuonyesha, kama mtu anayetoa ushahidi. "Lakini nikitafuta sauti siikuti. Zamani ilikuwa inakuja yenyewe, nakaa tu, iko. Sasa nimekwisha, wanangu. Msinisindikize."

Domo akaifuta saksofoni yake, nayo ilikuwa safi.

Halafu Mzee akaniita kando. "Amplifaya baki nayo. Utaitunza. Hata plagi uliniwekea nzuri."

Nikasema ahsante. Neno lingine lilikuwepo, lilifika hadi kwenye meno. Nikalimeza na kusema ahsante.

Jumapili, 5 Aprili

Nimepiga kwenye kiti cha Mzee, kwa amplifaya ya Mzee, na shati la mikono mirefu. Wamepiga makofi. Mimi nimekaza nyuzi kwa kile kipimo cha sauti cha kwenye simu.

Mapumzikoni Domo akanionyesha saksofoni yake. "Unajua leo tumeshuka sauti? Mdomo huu miaka yote nausukuma ndani hadi mwisho nifikie bendi. Leo nimeuvuta nje. Nilidhani saksofoni ndiyo iko chini, kumbe nyie ndio mlikuwa juu."

Nikacheka. Sikujua nilikuwa nacheka nini.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda kumsalimia Mzee. Binti yake, yule fundi cherehani anayeishi naye, akaniambia amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimwona kupitia dirisha, amekaa kitandani na viatu.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimejua nilichofanya. Nitakiandika taratibu, nisije nikakiruka.

Mvua ilianza asubuhi, hakuna mteja. Mezani palikuwa na redio ya mtu, ya zamani, ina ugonjwa uleule wa kapasita: mmmmm. Niliiacha ivume, nikachukua gitaa nipoteze muda. Kiwiko kilikuwa kwenye redio. Nikapiga uzi wa tatu, ule wa noti ya sol, nikahisi kitu kinatikisika kwenye mfupa wa mkono, wa-wa-wa, kama watu wawili wanaobishana. Nikazungusha kishikio cha uzi kidogo. Mtikisiko ukapungua. Nikazungusha tena. Ukatulia kabisa. Uzi na redio vilikuwa kitu kimoja.

Nikatazama kipimo cha simu. Juu ya sol, kwa unywele.

Nikajua, lakini fundi hajui kitu hadi apime. Nikajaza pamba masikioni hadi sikusikia mvua ya bati. Nikaiweka redio ya mteja sakafuni, nikaikalia. Nikakaza uzi kwa makalio. Ikawezekana. Ikawezekana vizuri mno.

Mke wangu akaingia, akanikuta nimekalia redio ya watu, pamba masikioni, gitaa kifuani. Akageuka akatoka. Midomo yake ilisema: "Siulizi."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Masikio yalipoanza kumtoroka, Mzee alihamia juu ya amplifaya, akaukalia mvumo, akakaza uzi wa tatu kwa mvumo na nyingine kwa uzi wa tatu. Mwenyekiti akamfuata Mzee, Domo akasukuma mdomo wa saksofoni. Bendi nzima ilikuwa imefungwa kwenye kapasita mbovu, na wateja wanatusifu kwamba tuna sauti ya kwetu wenyewe.

Alinikataza kwa maneno mawili. Sababu hakuitaja, maana angeitaja, angetaja masikio.

Nimetoa pamba nikamwambia mke wangu yote. Akasikiliza huku anakunja nguo. "Utamwambia lini?"

"Nikishaurudisha mvumo."

"Ukisharudisha hutamwambia."

Nilikuwa nimepanga hivyohivyo. Ndoa ndefu ina adha zake.

Alhamisi, 16 Aprili

Kapasita za ile redio nimezijaribu kwenye amplifaya. Zimeoza kupita kiasi, ikanguruma kama mashine ya kusaga. Nikaenda kwa muuza vifaa chakavu, yule mwenye meza chini ya turubai.

"Nataka kapasita mbovu."

"Kaka, hapa vyote vizima."

"Mbovu. Si sana. Wastani."

Akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe ni wa ofisi gani?"

Ikabidi nimwombe nzima. Akanipa, akaapa kwa mama yake. Nimezifunga nyumbani: mbovu, za wastani, mmmmm ileile. Sijawahi kufurahi hivyo kudanganywa, na sikufurahi muda mrefu.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimempelekea Mzee amplifaya. Mpango ulikuwa hivi: nitaiacha, atajaribu siku moja, ataukuta mvumo, atapona, na mimi nitaonekana mtu mwema aliyekataa zawadi.

Hakuigusa. "Nilikupa," akasema. "Nirudishiwe ya nini? Ya kuangalia?"

Binti yake akanisindikiza hadi barabarani. "Usimletee tena. Juzi amelegeza nyuzi zote, gitaa kalitia uvunguni. Ukimletea vitu vya muziki hali chakula."

"Hali kabisa?"

"Anakula kidogo, nikimsimamia."

Nikarudi nayo begani. Si nzito mno, lakini niliona kila mtu mtaani ananitazama kama nimeiiba.

Jumapili, 19 Aprili

Nimepiga. Domo: "Inavuma tena? Plagi imezeeka?" Wote wakacheka, na mimi pia.

Jumamosi, 25 Aprili

Nilitaka kumwambia faraghani. Naandika hilo kwanza.

Mzee anaishi kwenye nyumba ya vyumba vingi vinavyozunguka ua mmoja. Jua lilitoka leo baada ya siku nyingi, basi ua mzima ulikuwa nje: magodoro, mashuka, ndoo, kila jirani na kamba yake. Binti yake alikuwa mlangoni kwenye cherehani. Mzee alikuwa kwenye benchi anakata kucha za mkono wa kulia, zile ndefu za kupigia gitaa. Mbili zilikuwa zimeshakwenda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hujaileta?"

"Sijaileta. Mzee, niliifungua." Nilisema karibu na sikio lake, taratibu.

"Eh?"

"Niliifungua ile amplifaya."

"Eh?"

"AMPLIFAYA! NILIIFUNGUA!"

Mama aliyekuwa anaanika shuka akasimama, kibanio mdomoni.

"Ya plagi?" akauliza Mzee.

"SI PLAGI TU! NDANI! NILIUTOA MVUMO!"

Mkasi wa kucha ukasimama. Neno hilo, mvumo, alilisikia. Akauliza kwa sauti yake ileile ya chini: "Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha majibu matatu, yote mazuri. Hakuna hata moja lililofaa kupigiwa kelele.

"NILITAKA WANISIFU!"

"Eh?"

Yule mama akatoa kibanio mdomoni, akainama kwenye sikio la Mzee. "Anasema alitaka sifa, baba!"

"Sifa za nani?"

"Sifa za nani?" mama akanigeukia.

"Za Domo," nikasema. "Na Mwenyekiti."

"Za Domo!" akamwambia. Mtu mmoja nyuma ya magodoro akaguna.

Nikaendelea, kwa kuwa sasa kusimama kulikuwa kubaya kuliko kuendelea. Nikapiga kelele kwamba nilijua, kwamba alinikataza, kwamba nilidanganya mbele ya bendi, kwamba nilipewa kiti chake nikavaa shati. Kwamba hajaisha, vidole vipo na kichwa kipo, alichokosa ni mvumo wa kukazia nyuzi, kwa sababu masikio yake...

Hapo nikakwama.

"Masikio yangu yana nini?"

Wote pale huwa wanampigia kelele kila siku, chumvi, maji, salamu, na hakuna aliyewahi kulisema. Hata mama wa shuka alitazama kamba yake.

"Hayasikii, Mzee," nikasema, na sauti yangu haikupanda. Sijui alisikia au alisoma midomo. Alishika sikio la kushoto kama anahakikisha bado lipo.

"Msimu mzima," akasema, "naamka najiambia nimekwisha. Nimemwambia huyu binti, baba yako amekwisha, usimpe mzigo. Na wewe unakuja hapa unaniamkia."

Halafu akasema: "Kesho niikute hotelini. Sasa toka, watu wanaanika."

Nilipokuwa natoka, nilimsikia binti yake amesimamisha cherehani: "Baba, husikii tangu lini?"

Mwanamume mzima nimemvua nguo mbele ya majirani ili mimi nipumue. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari.

Jumapili, 26 Aprili

Mzee alikuja na gitaa. Akakaa juu ya amplifaya, akawasha, akangoja valvu ziwake. Nilimwona mabega yanashuka. Akakaza uzi wa tatu mara moja, hakuurudia. Mwenyekiti akamfuata. Domo, bila kuambiwa, akasukuma mdomo wa saksofoni hadi mwisho.

Alipiga bila kucha, kwa nyama ya kidole, na ilikuwa nzuri kuliko zamani. Watu walisahau kutafuna. Nilisikilizia kwenye ujia wa jikoni, kati ya kreti za soda, kwa kuwa hakuna aliyeniambia nikae wapi.

Kumbe habari za uani zimefika kote. Mapumzikoni shemeji akanipita: "Vipi, Plagi Tu?" Hadi tunafunga vyombo, mhudumu wa meza naye: "Plagi Tu, sogea." Mwenyekiti hakuniita kitu. Mzee alisimama mbele yangu na sanduku la gitaa, nikadhani anataka kusema neno.

"Shika mlango," akasema.

Nikashika.

Jumapili, 3 Mei

Mvua. Nimebeba amplifaya kutoka kwa Mzee na kuirudisha kwake. Mzee amepiga vizuri. Hajanisemesha.

Alhamisi, 7 Mei

Binti wa Mzee amekuja dukani asubuhi, ameikumbatia ile amplifaya kama mtoto mgonjwa, akaitua mezani.

"Baba anasema inavuma vibaya, imemkosesha usingizi alipoijaribu jana. Anauliza umewezaje kumwachia kitu cha hivyo. Uitengeneze kabla ya Jumapili."

"Jana? Jana alisikia?"

"Nilimpeleka kwa daktari wa masikio juzi, baada ya zile kelele zako."

"Akasema nini?"

"Alimpiga maji ya bomba la sindano, kushoto na kulia," akasema. "Ilikuwa nta."